Wahuni wa mpira katika riwaya za Uingereza: walipigania inchi gani?

Kila siku ya posho, katika Goma, Bunia, Bukavu ao Lubumbashi, vijana wanajaa mbele ya televizyo ili kufuata kabumbu ya Uingereza. Wanaona uwanja msafi, kila mtu ameketi kwenye kiti chake, baba na watoto wamevaa jezi za ekipe yao. Ukiwaambia kwamba miaka 40 iliyopita washabiki wa Uingereza waliogopwa katika Ulaya nzima, wengine watacheka. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Na kama mtu anataka kujua wahuni wale walikuwa nani, na walifikiri wanapigania nini, njia moja nzuri ni kusoma riwaya za waandishi waliotoka katika mitaa ya wafanyakazi.

Riwaya inayojulikana zaidi inaitwa The Football Factory. Ilitoka mwaka wa 1996. Mwandishi wake, John King, alizaliwa mwaka wa 1960 katika Slough, mji wa viwanda ulio karibu na London, na yeye mwenyewe ni mshabiki wa Chelsea. Katika kitabu, anayesimulia ni Tommy Johnson, kijana anayefanya kazi katika depo. Katikati ya juma anapanga mizigo na kusikiliza amri za wakubwa. Siku ya mpira anatoka na wenzake kwenda kupigana na washabiki wa ekipe zingine. Mwaka wa 2004 kitabu hicho kilifanywa kuwa filamu. King alikuwa amekwisha kuandika vingine viwili vya kukifuata: Headhunters mwaka wa 1997 na England Away mwaka wa 1998.

Hasira iliyotoka nyumbani

Hasira ya mpira haikuanza na King katika vitabu vya Waingereza. Mwaka wa 1959, Alan Sillitoe, mtoto wa mfanyakazi wa Nottingham, alitoa hadithi fupi inayoitwa The Match. Mwanaume mmoja, fundi wa magari, anatazama Notts County ikishindwa. Anarudi nyumbani akiwa na uchungu, anamgombeza bibi yake, na mambo yanaharibika mpaka bibi anaondoka. Hapo anayelipa deni la kushindwa ni watu wa nyumba yake.

Miaka 37 baadaye, kwa Tommy, hasira imetoka nyumbani na kuingia barabarani. Haiko tena ya mtu mmoja. Ni ya kundi, ina viongozi, ina mipango, na inatafuta mtu wa nje wa kuipokea.

Kati ya vitabu hivyo viwili, maisha ya wafanyakazi yalibadilika sana. Viwanda vingi vilifungwa, kazi za bandarini zikapungua, na wachimbaji wa makaa ya mawe walishindwa na serikali ya Margaret Thatcher kisha mgomo wa mwaka mzima, 1984 mpaka 1985. Lakini umaskini peke yake hauelezi uhuni. Mwaka wa 1989, katika filamu ya televizyo The Firm ya Alan Clarke, kiongozi wa wahuni ni mtu mwenye kazi nzuri ya kuuzisha nyumba, mwenye bibi na mtoto. Haibi wala halali na njaa. Anapigana kwa sababu anapenda kupigana.

Matokeo yalikuwa mabaya. Tarehe 29 mwezi wa tano 1985, katika uwanja wa Heysel, Brussels, washabiki wa Liverpool waliwarukia wale wa Juventus kabla ya mchezo wa mwisho wa kombe la Ulaya. Watu walikimbilia ukuta, ukuta ukaanguka, na 39 wakakufa, wengi wao Waitaliano. Ekipe za Uingereza zilifukuzwa katika makombe ya Ulaya kwa miaka mitano, na Liverpool kwa miaka sita.

Kisha likakuja jambo lingine ambalo halipaswi kuchanganywa na hilo. Tarehe 15 mwezi wa nne 1989, katika uwanja wa Hillsborough, Sheffield, washabiki wa Liverpool walibanwa katika msongamano. Hesabu ya waliokufa leo ni 97. Polisi na magazeti fulani walisema mara moja kwamba kosa ni la washabiki walevi. Familia zilipigania ukweli mpaka mwaka wa 2016, wakati baraza la raia mahakamani lilipoamua kwamba watu hao waliuawa kinyume cha sheria na kwamba washabiki hawakuwa na kosa. Tangu Heysel, jina la mhuni lilikuwa rahisi kubandikwa mtu yeyote maskini aliyependa mpira. Ni jambo ambalo Tommy analirudilia mara nyingi katika kitabu: wakubwa na magazeti hawamjui, ila wanamuhukumu.

Kisha Hillsborough, viwanja vikubwa viliwekwa viti kila mahali, na mwaka wa 1992 Premier League ikaanza. Kamera ziliongezeka, bei ya tiketi ikapanda. Ndiyo sababu Tommy na wenzake wanapigana zaidi karibu na vituo vya treni na mabaa. Kitabu kilitoka wakati watu kama wao walikuwa wanasukumwa nje ya mchezo ambao baba zao waliuona kuwa ni mali yao.

Bendera mbili, jina moja

Hapa Kiswahili chetu kinatutega. Tunasema "Uingereza" kwa mambo mawili: inchi ya England, na ufalme wote pamoja na Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini. Mtu wa Scotland hatakubali kuitwa Mwingereza. Lakini Waingereza wenyewe walichanganya mambo hayo kwa muda mrefu. Mwaka wa 1966, waliposhinda kombe la dunia katika Wembley, washabiki wengi walipeperusha bendera ya ufalme wote. Mwaka wa 1996, Uingereza ilipopokea kombe la Ulaya, bendera iliyojaa uwanjani ilikuwa ile ya England peke yake: msalaba mwekundu juu ya kitambaa cheupe. Ufalme ulikuwa umepoteza makoloni, viwanda na nguvu. Watu walitafuta jina dogo la kushikilia.

Tarehe 26 mwezi wa sita mwaka huo, Ujerumani iliitoa England kwa penalti. Usiku huo kulikuwa fujo katikati ya London.

King aliingia ndani ya jambo hilo katika England Away. Tommy na wenzake wanasafiri, wanapitia Amsterdam, wanaelekea Berlin ambako England itacheza na Ujerumani. Njiani wanaimba juu ya Vita ya Pili ya Dunia kana kwamba waliipigana wao. Wakati huohuo, katika baa moja ya London, mzee Bill Farrell ameketi na kukumbuka vita ileile. Yeye alikuwako. Alikuwa askari, aliua, na vita haijatoka katika kichwa chake.

Kuwaweka vijana hao na mzee huyo katika kitabu kimoja ndiyo kazi kubwa ya King. Vijana wanabeba vita kama jezi. Mzee anaibeba kama mzigo. Msomaji hahitaji kuambiwa ni nani kati yao anayeijua inchi yake.

Nani hayumo katika "sisi"

Kuna wasomaji waliosema King anawasifu wahuni, kwa sababu anamuacha Tommy aseme maneno yake machafu bila mtu wa kumrekebisha. Ninafikiri alifanya vizuri. Malalamiko ya Tommy juu ya matajiri na wanasiasa yana ukweli mwingi. Lakini ngumi zake hazifiki kwa matajiri hata siku moja. Zinampata kijana mwingine kama yeye, mwenye mshahara mdogo kama wake, wa mji mwingine.

Na "sisi" ya wahuni ilikuwa nyembamba. Katika miaka ya 1970 na 1980, watu wa chama cha National Front, waliochukia wahamiaji, waliuzisha magazeti yao kwenye milango ya viwanja. Mwezi wa nne 1982, Paul Canoville alikuwa mchezaji mweusi wa kwanza kuchezea Chelsea ekipe ya wakubwa. Waliomtukana siku hiyo ni washabiki wa Chelsea yenyewe. Alikuwa Mwingereza, mzaliwa wa karibu na London, amevaa rangi yao.

Swali hilo linatugusa. Mwezi wa kumi na moja 1997, mwaka mmoja kisha The Football Factory kutoka, watoto wawili walizaliwa: Axel Tuanzebe katika Bunia, na Aaron Wan-Bissaka katika London, katika familia ya Wakongomani. Tuanzebe alipelekwa Uingereza akiwa mtoto, akakomalia Rochdale. Wote wawili walichezea Manchester United, wote wawili walivaa jezi ya vijana wa England, na baadaye wote wawili wakachagua Léopards ya Congo.

Hawakupiga mtu ili kuonyesha wao ni wa wapi. Tommy Johnson alizaliwa palepale, hakuna aliyemuuliza hati, na bado kila siku ya posho alihitaji kumwaga damu ya jirani ili asadiki kwamba ana kwao.