Sikio la Gitaa na Mfuko wa Mpigaji

Juma hili, ndugu msikilizaji, nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo kinachoenea katika kiganja cha mkono, lakini ndicho kinachoamua kama gitaa la umeme litaimba au litakoroma. Wapigaji wenyewe hukiita pikapu. Si ile gari ya kubebea mkaa na matikiti. Ni kile kidude kilicholala chini ya nyuzi, kazi yake ni kusikia nyuzi zinavyotikisika na kupeleka habari hiyo kwenye amplifaya.

Nimelichagua jambo hili kwa sababu vijana wa bendi wanaopita studio kwetu huniuliza swali moja kila mara: “Kaka, ninunue gitaa jipya, au nibadilishe pikapu?” Si swali dogo. Kwa miaka mingi bendi zetu kubwa za dansi zilikuwa mali ya mashirika na vyama. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ikaja kuwa chini ya shirika la maendeleo la jiji, DDC. Vyombo vilikuwa vya mwajiri. Mpigaji akihama, aliondoka na vidole vyake tu. Hivyo kijana mwenye gitaa lake mwenyewe leo, hata kama limechubuka, ana kitu ambacho wakubwa wake wengi hawakuwa nacho. Mwanamuziki asiye na chombo ni kibarua. Kwa hiyo fedha atakayoitia katika gitaa hilo aitie kwa akili.

Tuanze na namna kidude hiki kinavyofanya kazi. Ndani yake mna sumaku, na kuizunguka sumaku hiyo umezungushwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, maelfu ya mizunguko. Sumaku huufanya uzi wa chuma ulio juu yake nao uwe na usumaku kidogo. Uzi ukipigwa hutikisika, na mtikisiko ule huutikisa uwanja wa sumaku, basi umeme mdogo sana huzaliwa katika waya. Ni kanuni ile aliyoionyesha Mwingereza Michael Faraday mwaka 1831. Uzi wa tano wa gitaa ukipigwa wazi hutikisika mara 110 kwa sekunde, na umeme unaotoka nao hupanda na kushuka mara 110. Amplifaya huukuza, spika huugeuza kuwa sauti. Ndiyo sababu gitaa la nyuzi za nailoni haliwezi kutumia pikapu ya namna hii. Sumaku haina cha kushika.

Katika magitaa ya kwanza ya umeme yaliyouzwa madukani ni lile la California la mwaka 1932, kazi ya George Beauchamp na Adolph Rickenbacker. Pikapu za wakati huo zilikuwa za koili moja. Koili moja ina sauti safi, kali, yenye kung'aa. Lakini ina kasoro: koili ni kama antena. Hunasa pia umeme wa ukutani, ambao kwetu hubadilika mara 50 kwa sekunde, na hunasa mkwaruzo wa taa za mirija. Mpigaji akinyamaza kidogo, spika inabaki ikivuma kama nyuki katika mzinga.

Mwaka 1955, fundi wa kampuni ya Gibson huko Marekani, Seth Lover, alipata dawa. Aliweka koili mbili ubavu kwa ubavu, zikiwa zimeunganishwa kinyume, na sumaku zake zikielekea kinyume pia. Mvumo wa ukutani unaingia katika koili zote mbili, lakini kwa kuwa zimeunganishwa kinyume, mvumo huo unajiua wenyewe. Sauti ya nyuzi, kwa sababu ya zile sumaku, haijiui bali hujumlika. Matokeo ni ukimya pale mpigaji anaponyamaza, na sauti nene, nzito, ya mviringo anapopiga. Gharama yake ni kwamba ule mng'ao wa juu hupungua.

Katika miaka ya 1970 Wamarekani kama Larry DiMarzio na Seymour Duncan wakaifanya pikapu kuwa bidhaa ya kuuzwa peke yake, ili mtu ang'oe ya zamani na kutia mpya. Hapo ndipo neno “nguvu” lilipoanza kuuza.

Nilikaa siku moja kwa fundi wa Ilala anayetengeneza amplifaya na magitaa. Akaingia kijana, akatoa shikamoo, akasema: “Mzee, nataka ile pikapu yenye nguvu kuliko zote.” Mzee akaitikia marahaba, akaweka chini pasi yake ya kuchomelea risasi, akamuuliza: “Mwanangu, nguvu hiyo unaipeleka wapi? Amplifaya yako si ina kitufe cha sauti?”

Jibu la mzee lina elimu ndani yake. Pikapu huongezewa nguvu kwa kuizungushia waya mwingi zaidi, au kwa kuitia sumaku kali zaidi, kama zile za seramiki ambazo hukaa nyuma ya spika, badala ya alniko, ambayo ni mchanganyiko wa chuma, alumini, nikeli na kobalti. Kadiri waya unavyozidi, ndivyo sauti ya kati inavyonenepa na sauti za juu kabisa zinavyozimika. Kwa mpigaji wa roki anayetaka amplifaya ilie kwa kukwaruza, hiyo ni neema. Je, kwa mpigaji wa dansi?

Sikiliza rekodi za Morogoro Jazz enzi za marehemu Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979. Unasikia kila uzi ukidondoka kama tone la maji kwenye bati. Dansi yetu imejengwa juu ya magitaa yanayozungumza kwa zamu: solo linauliza, gitaa la pili linajibu, ridhimu inafuma katikati, besi inatembea chini. Kila moja lina chumba chake katika nyumba moja. Ukiwapa wote pikapu nene zenye kelele, wote wanahamia sebuleni. Msikilizaji hasikii mazungumzo tena, anasikia zogo. Kisha fundi mitambo wa ukumbini analaumiwa, naye hana kosa.

Kwa hiyo kabla hujanunua, jaribu mambo yasiyo na gharama kubwa. Kwanza badili nyuzi. Nyuzi zilizoshika kutu zina sauti ya kifo hata juu ya pikapu ya kifalme. Pili, chukua bisibisi. Karibu kila pikapu ina skrubu mbili pembeni za kuipandisha na kuishusha. Ikiwa mbali mno, sauti ni hafifu. Ikiwa karibu mno, sumaku huvuta nyuzi, sauti haidumu, na gitaa huonekana kama halishiki tyuni. Ishushe kidogo kidogo huku ukisikiliza. Tatu, angalia waya wa kuunganishia, tundu lake, na vitufe vya volumu, ambavyo vumbi huvifanya vikwaruze. Pikapu nyingi zimehukumiwa kwa makosa ya waya.

Na kuhusu mvumo, sikilizeni kwa makini, kwa kuwa hapa tunazungumzia uhai. Mvumo mara nyingi si wa pikapu bali wa umeme usio na ethi. Katika kumbi nyingi nimeona amplifaya zimeunganishwa kwa nyaya mbili tupu, zimeshindiliwa ukutani kwa vijiti vya kiberiti. Nyuzi za gitaa zimeungwa na bodi ya amplifaya kupitia waya wake. Amplifaya ikiwa na hitilafu na haina ethi, nyuzi zinaweza kubeba umeme wa ukutani. Mwimbaji aliyeshika gitaa akigusa maikrofoni kwa midomo, umeme unapata njia kupitia mwili wake. Hakuna pikapu ya kutibu hilo. Dawa ni plagi ya pini tatu na fundi umeme anayejua kazi. Wala usikate ule waya mdogo wa ndani ya gitaa unaounga nyuzi na ethi ukidhani unajilinda. Huko ni kuficha ugonjwa.

Ukishafanya yote hayo na gitaa bado halikuridhishi, basi badilisha. Lakini mti ukiwa umepinda na shingo imekaa upande, usitupe fedha; pikapu mpya ya jina kubwa yaweza kuzidi bei ya gitaa zima, nayo hainyooshi shingo. Gitaa likiwa zima na linashika tyuni, pikapu nzuri italifufua. Pima tundu lililopo, kwa maana ya koili mbili haiingii katika tundu la koili moja bila kuchonga mti, ingawa zipo za koili mbili zilizobanwa kwa umbo hilo. Kumbuka na volumu: kwa kawaida koili moja hutumia ya omu 250,000, na koili mbili ya omu 500,000; ukiikosea, sauti itafifia au itachoma masikio. Chora kwenye karatasi kila waya unakwenda wapi kabla hujaufungua, kwani rangi za nyaya hutofautiana kwa kila kiwanda. Na ile ya zamani usiitupe. Ladha hubadilika.

Ndani ya gitaa lisilo na betri hakuna umeme wa kuua, hivyo kijana mwenye mkono mtulivu aweza kujifunza kazi hii. Ndani ya amplifaya umo, hata ikiwa imechomolewa ukutani. Huko mwachie fundi.

Basi jibu langu kwa wale vijana ni hili. Usiulize pikapu ipi ina nguvu. Iulize bendi yako: katika mazungumzo yetu, sauti gani inakosekana? Ukishalijua hilo, dukani utachukua muda mfupi, na mfuko wako utakushukuru. Hadi juma lijalo, kwaherini.