BASKELI NA HAKI YA NYUMBANI

Wanachama wenzangu,

Katika kurasa hizi twazoea kusema juu ya miche, palizi na mizani. Leo naomba ruhusa yenu niseme juu ya baskeli. Wengi wetu tulizipanda tulipokuwa vijana, sasa zimetundikwa bandani, tairi hazina upepo, na tukiulizwa sababu, jawabu letu ni moja: "Wakati hapana."

Mimi nami nilikuwa nikijibu hivyo. Kisha, msimu wa vuli uliopita, nikafanya kosa la upande wa pili: wakati nikauiba.

Ilikuwa Jumapili. Uani kwangu karafuu zimeanikwa majamvi matatu, zina siku ya pili juani. Rafiki zangu wakanipitia na baskeli zao, tukatoka Wete kuelekea Chake Chake, tukicheka kama watoto wa chuo. Hatujafika nusu ya njia mvua ikashuka. Nyumbani mke wangu yu peke yake, mtoto mchanga mgongoni, akianua. Majamvi mawili aliyawahi. La tatu likalowa. Karafuu zile hazikurudi rangi yake, na kituoni zikashuka daraja.

Niliporudi hakunigombeza. Alisema tu, "Baba watoto, baskeli haina kosa. Lakini leo nalihitaji mikono minne."

Maneno hayo yaliniuma kuliko hasara ya karafuu. Nikakumbuka tuliyofundishwa chuoni: Mtume (S.A.W.) alipopata habari ya sahaba Abdullah bin Amr, aliyekuwa akifunga kila siku na kusali usiku kucha, alimkumbusha kuwa mwili wake una haki juu yake, na mke wake pia ana haki juu yake. Ikiwa hata ibada imewekewa mpaka, sembuse matembezi ya baskeli? Lakini tusisahau kuwa mwili nao umetajwa. Haifai basi kuitupa baskeli, yafaa kuipangia.

Kwanza, tuipande katika safari ambazo ni lazima twende. Kutoka kwangu hata shamba ni kilomita 4. Kwa miguu ni dakika 50; kwa baskeli, pamoja na vilima vyetu vya Pemba, ni dakika 20. Zamani nikingojea gari barabarani, na kungoja peke yake aghlabu kulikula nusu saa. Sasa nakwenda na kurudi kwa dakika 40, siku 4 za wiki. Jumla ni dakika 160. Shirika la Afya Ulimwenguni lashauri mtu mzima aushughulishe mwili kwa kiasi cha wastani muda usiopungua dakika 150 kwa wiki. Basi nimeitimiza haki ya mwili wangu, wala sikumnyang'anya mtu wakati wake.

Pili, tutazame msimu. Karafuu zikiwa mtini, mchana ni kuchuma, usiku ni kuchambua makonyo, asubuhi ni kuanika. Mbichi zikilala chunguni zimerundikwa huharibika. Siku hizo baskeli iende shamba na irudi nyumbani, basi. Matembezi ya mbali yangojee karafuu ziingie guniani.

Tatu, saa kwa saa. Nikitaka Jumapili moja kutembea na rafiki zangu, namwambia mke wangu mapema, naye huchagua saa zake kama hizo. Yeye hupenda kwenda kwa mama yake. Siku hiyo mimi ndiye mlinzi wa uani, wa chungu na wa watoto. Naungama kuwa saa tatu hizo ni ndefu kuliko kilima chochote nilichokipanda.

Nne, tusiwasahau watoto. Tairi ya upepo ya baskeli yenyewe ilitoka mkononi mwa mzazi: John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama katika mji wa Belfast, alimtengenezea mwanawe kwa ajili ya baskeli yake ya magurudumu matatu, akaiandikisha serikalini mwaka 1888. Binti yangu nampeleka chuo juu ya keria, na njiani hunisomea aliyohifadhi. Zamani sikuwa nikijua amefika sura gani.

Mwisho, kila wiki tutoe dakika chache kutazama breki, upepo na mafuta ya cheni. Njia zetu zikilowa huteleza, na mteremko haumsubiri mtu mwenye gunia nyuma.

Haya, wanachama, tuziteremshe baskeli bandani. Lakini kabla ya kutoka, tuangalie mbingu, kisha tuangalie uani.

Wenu katika kazi,
Katibu