Mjukuu Amezaliwa, Babu Yuko Safarini

Askari aliyepata habari za kuzaliwa kwa mtoto wake akiwa lindoni, mamia ya kilomita kutoka nyumbani, hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Amri ni amri, na ruhusa hutolewa kwa zamu. Lakini katika nchi ya Marekani wako wazee ambao hawakuamriwa na mtu yeyote kwenda mbali, nao hukutwa na hali iyo hiyo katika umri wa kupumzika. Hao ni watu waliouza nyumba zao, wakanunua gari kubwa au trela lenye kitanda, jiko na choo ndani yake, wakawa wanaishi humo mwaka mzima wakifuata jua na kazi za msimu. Mambo yao huenda vema mpaka siku binti au mwana anapopiga simu kusema kwamba mjukuu yu njiani.

Nyumba hizo za magurudumu si jambo geni hata kwetu. Mnamo mwaka 1959 tajiri mmoja wa Kimarekani, Wally Byam, mwanzilishi wa kiwanda cha trela ziitwazo Airstream, aliongoza msafara wa trela 41 zenye kung'aa kama fedha kutoka Cape Town mpaka Cairo. Zilipita Uganda, Kenya na Ethiopia, zikazama matopeni na kuvunjika hapa na pale, na wengi wa waliosafiri nazo walikuwa watu waliokwisha kustaafu. Yaani tangu siku hizo Mmarekani mzee alikuwa anaamini kwamba uzee si sababu ya kukaa kibarazani.

Hata hivyo yafaa tutenganishe watu wa aina mbili, kwa maana wakitazamwa barabarani wanafanana. Wako wale wenye pensheni ya kutosha, ambao wanasafiri kwa kupenda. Miongoni mwao wamo askari wastaafu wengi. Askari wa Marekani akitumikia miaka 20 anaweza kustaafu na pensheni, na kambi nyingi za jeshi lao zina viwanja maalumu ambapo mstaafu huegesha nyumba yake kwa ada ndogo, akapata maji, umeme na ulinzi wa geti. Kisha wako wale walioingia barabarani kwa kukosa la kufanya, hasa baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008, ambapo thamani ya nyumba ilianguka na akiba za watu zikayeyuka. Habari zao ziliandikwa na Jessica Bruder katika kitabu Nomadland cha mwaka 2017, na filamu iliyotokana nacho ikatunukiwa tuzo ya Oscar ya filamu bora mwaka 2021.

Malipo ya uzeeni ya serikali yao huanza mtu akitimiza miaka 62, lakini aliyezaliwa mwaka 1960 au baadaye akiyachukua mapema hivyo hukatwa asilimia 30 ya kile ambacho angelipata kama angelingoja mpaka miaka 67. Gari kubwa la kuishi nalo hunywa petroli kati ya lita 25 na 40 kwa kila kilomita 100. Basi hapana budi kutafuta kazi.

Kazi zenyewe zastahili kuelezwa, kwani ndizo zinazofunga mikono ya babu na bibi. Mwezi Oktoba huvunwa biti za sukari katika bonde la Mto Red, mpakani mwa majimbo ya North Dakota na Minnesota. Kampuni ya American Crystal Sugar yenye makao yake Moorhead huajiri watu wengi kwa majuma machache tu, wengine wazee, na kuwapa mahali pa kuegesha nyumba zao. Zamu ni ya saa 12, mchana au usiku. Malori huja kwa mfululizo, mfanyakazi huyaelekeza kwenye mashine ya kurundika, huchukua sampuli ya kupimwa sukari, na husafisha matope yanayoganda kila mahali. Biti hulundikwa nje chungu juu ya chungu na baridi ndiyo huzihifadhi. Jua likizidi, kazi husimamishwa. Theluji au matope yakizidi, husimamishwa pia. Kwa hiyo hakuna awezaye kusema kwa hakika kazi itakwisha tarehe gani, na mtu huyo huyo ndiye anayeulizwa na binti yake kwa simu: “Mama, utafika lini?”

Kazi ya pili itawafurahisha wasomaji wetu wa jeshi na polisi, maana ni ulinzi wa lango. Katika visima vya mafuta vya Texas ya kusini, mume na mke huegesha trela lao kwenye njia ya kuingilia kisimani, wakapewa jenereta, tangi la maji na tangi la maji machafu. Kila gari liingialo na litokalo huandikwa namba yake, saa yake na jina la dereva. Lango halifungwi, mume hukesha usiku, mke hushika mchana, au kinyume chake. Malipo hutolewa kwa siku, kwa watu wawili pamoja. Hapo ndipo ulipo mtego. Bibi akiondoka kwenda kumpokea mjukuu, lindo limebaki na mtu mmoja, na mtu mmoja hawezi kukesha saa 24. Aliyepata kushika doria peke yake kwa sababu mwenzake ni mgonjwa anaelewa nasema nini.

Kazi nyingine hazina ukali huo. Katika mbuga na misitu ya serikali wako wazee wanaotunza viwanja vya kambi wakati wa kiangazi. Hupokea wageni, husafisha vyoo, na huwakumbusha vijana wapunguze kelele usiku. Wengine hulipwa mshahara, wengine hupewa mahali pa kuegesha tu. Hapo nyuma, kuanzia mwaka 2008, kampuni ya Amazon nayo ilikuwa na mpango wake wa kuajiri wenye magari ya kuishi katika maghala, wa kwanza ukiwa Coffeyville katika jimbo la Kansas. Kazi ilipamba moto miezi ya mwisho wa mwaka mpaka karibu na Krismasi, ambapo bibi alikuwa akifunga vifurushi vya zawadi za wajukuu wa watu wengine.

Sasa turudi kwa mjukuu. Msomaji atauliza kwa nini bibi ahitajiwe sana katika nchi tajiri kama hiyo, yenye hospitali kila mahali. Jibu liko katika sheria zao. Sheria ya taifa ya mwaka 1993 humpa mzazi likizo ya majuma 12, lakini bila mshahara, tena si kwa waajiriwa wote. Yako majimbo, kama California, yaliyoweka malipo yao wenyewe, lakini mahali pengi mama hurudi kazini kidonda cha uzazi hakijapona sawasawa. Ni nani basi atakayempakata mtoto? Na sheria hiyo hiyo haimtambui bibi. Likizo ni ya mzazi. Mama wa mzazi akiacha biti zake au lango lake, ameacha na ujira.

Kuna na shida ya mahali. Watoto wao aghalabu wameajiriwa mijini, na miji mingi ya Marekani inakataza mtu kuishi ndani ya gari lililoegeshwa barabarani au mbele ya nyumba. Siku chache huvumiliwa, kisha jirani hupeleka malalamiko, na polisi huja kugonga mlango. Waswahili tulikwisha sema kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huko siku ya tatu huenda ukapewa karatasi ya faini. Tena ikiwa mtoto amezaliwa Januari huko Minnesota, nyumba ya magurudumu haifai kitu, kwani maji huganda ndani ya mabomba na mabomba hupasuka. Wakati huo wazee wenzao wako kusini, katika jangwa la Arizona, zaidi ya kilomita 2,500 kwa barabara.

Mji wao mashuhuri wa majira ya baridi ni Quartzsite, mji mdogo ambao wakazi wake wa kudumu hawakufika 4,000 katika hesabu za watu za 2010 na 2020, lakini kila Januari jangwa linaouzunguka hujaa magari. Kwenye ardhi ya serikali iitwayo La Posa ruhusa ya kukaa hutolewa kuanzia tarehe 15 Septemba mpaka 15 Aprili, na kwa miaka mingi ada yake ilikuwa dola 180 kwa msimu mzima. Katika makaburi ya mji huo amezikwa Haji Ali, ambaye Wamarekani walishindwa kulitamka jina lake wakamwita Hi Jolly. Alikuja mwaka 1856 kuwatunza ngamia walionunuliwa na jeshi la Marekani ili wabebe mizigo jangwani. Jaribio lile halikudumu, lakini yeye alibaki huko mpaka alipofariki mwaka 1902, na juu ya kaburi lake pana piramidi yenye sanamu ya ngamia. Msafiri wa jeshi analala katikati ya wasafiri wa uzeeni.

Wako waliofaulu kuunganisha mambo haya, nao huanza hesabu ya mwaka upande mwingine. Hawaulizi kwanza kazi yenye ujira mkubwa iko wapi. Huandika kwanza siku ya kujifungua, siku ya kuzaliwa mjukuu wa pili, likizo ya shule, kisha hutafuta kazi katika miezi iliyobaki, hata ikiwa ya malipo madogo. Wengine huacha kulinda lango la wawili, wakachagua kazi ambayo mmoja aweza kuondoka kwa ndege kwa majuma matatu na mwenzake akaendelea. Wengine hukodi kiwanja cha kuegesha nusu saa kutoka kwa binti, wakaja asubuhi kulea na kurudi kulala kwao, na wanasema amani ya nyumba imetoka hapo. Kwa maoni yangu hawa wa mwisho wana busara kuliko wote.

Lakini tusijidanganye kwamba kila mzee ana nafasi ya kuchagua. Asiye na akiba huifuata biti ilipo. Wengi hupenda kusema kwamba wako huru, na wengine ni kweli wako huru. Mjukuu anapozaliwa ndipo hujulikana nani ni nani. Mwenye uhuru hugeuza gari siku hiyo hiyo. Asiye nao huomba apelekewe picha, akaitazama wakati wa kubadilisha zamu.

Kwa wote, hata hivyo, kalenda imeacha mwanya mmoja. Ruhusa ya La Posa hukoma katikati ya Aprili, na viwanja vingi vya kambi vya kaskazini hujaa kuanzia mwisho wa Mei. Katikati yake pana majuma kama sita ambayo hayana mwajiri. Joto la jangwa limeanza kuwafukuza, barafu ya Minnesota imeyeyuka, na mabomba hayapasuki tena. Wazee hukunja viti vyao, hufunga matangi, na huanza safari ya siku nne au tano kuelekea kaskazini, huku mtoto aliyezaliwa Januari akiwa amekwisha jifunza kucheka.