Mwanga wa Ubongoni Wahitaji Mizani ya Haki

Jina la Mibirizi, wilayani Rusizi, limeingia katika historia ya Rwanda kwa sababu ya kahawa, kwani huko ndiko wamisionari walikopanda miche yake mwaka 1904. Mkulima yeyote anajua kwamba kikapu kizito hakielezi yote: huenda buni ni nyingi, huenda ni kubwa, au huenda mizani yenyewe ina kasoro. Leo tunapenda kuwaeleza wasomaji kwamba wataalamu wa ubongo nao wamekabiliwa na fumbo la namna hiyo.

Ndani ya ubongo, pamoja na seli za neva, zimo seli za glia. Kundi lake moja, mikroglia, hufanya kazi ya ulinzi. Ili kuzichunguza katika mtu aliye hai, wataalamu humdunga dawa yenye mionzi hafifu inayonata kwenye protini iitwayo TSPO, kisha mashine ya PET hupima mahali dawa ilipokusanyika. Kwa miaka mingi sehemu iliyong'aa ilipewa maana moja: mikroglia zimeamka kupambana na maradhi.

Tafsiri hiyo ina mashaka matatu. Kwanza, TSPO haimo katika mikroglia peke yake. Imo pia katika seli nyingine za glia na katika kuta za mishipa ya damu. Pili, utafiti uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Nature Communications ulionyesha kwamba mikroglia za panya huongeza TSPO zinapochokozwa, lakini za binadamu haziongezi. Hivyo kwa binadamu mwanga ukizidi, huenda seli zimezidi kuwa nyingi, wala si kwamba zimeamka. Tatu ni urithi. Badiliko moja dogo la jeni, liitwalo rs6971, hufanya dawa kama PBR28 inate kwa nguvu kwa watu wengine na kwa unyonge kwa wengine. Badiliko hilo limeenea zaidi miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya na Afrika kuliko miongoni mwa Wajapani na Wachina.

Jambo hili latuhusu. Mtu wa Mibirizi akipimwa bila jeni yake kuchunguzwa, ubongo wenye maradhi waweza kudhaniwa mzima, na dawa njema iliyo katika majaribio ikahukumiwa kuwa haifai. Tena, PBR28 ikitengenezwa kwa kaboni-11, mionzi yake hupungua nusu kila dakika 20, hivyo haiwezi kustahimili safari ya saa kadhaa kutoka Kigali hadi Rusizi.

Kipimo hiki bado ni chombo cha utafiti. Kwa hiyo hapana budi Waafrika nao washirikishwe katika utafiti huo, na jeni ya kila mmoja ichunguzwe kabla ya picha yake kusomwa. Mizani ihakikiwe kwanza, ndipo kikapu kipimwe.