Upepo Ndio Ubebao Gari

Siku hizi mtu asimamapo pale Ubungo, mahali Barabara ya Morogoro inapokutana na Barabara ya Mandela na ile ya Sam Nujoma, huona kila namna ya chombo cha magurudumu: mabasi ya mwendokasi, malori yatokayo bandarini, bajaji, pikipiki, na mara moja moja motokaa ya fahari iendayo kwa umeme, isiyo na ngurumo wala moshi. Watu huigeukia kwa sababu mbili. Kwanza, kwa kuwa haina kelele. Pili, kwa ajili ya magurudumu yake makubwa yang'aayo.

Katika makala hii nataka kueleza habari za magurudumu hayo. Mwenye gari la namna hiyo hana budi kujibu swali moja kabla ya kutoa fedha zake: achague rimu ya ukubwa gani, na tairi la namna gani? Hata kama wewe msomaji huna gari, jambo hili lakuhusu. Tairi likipasuka njiani halichagui kati ya tajiri, dereva, abiria na mtu aendaye kwa miguu.

KAZI YA TAIRI

Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekaa Belfast, alipata hati ya uvumbuzi wa tairi lenye upepo. Alikuwa amelitengeneza kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, ili mtoto asitikiswe mno na njia mbovu. Tangu hapo mambo mengi yamebadilika katika motokaa, lakini hilo halikubadilika: si mpira ubebao gari, wala si chuma. Gari hubebwa na upepo uliofungiwa ndani ya tairi.

Tutumie hesabu tulizofundishwa katika somo la Fizikia. Chukua gari la umeme lenye uzito wa kilo 2,160. Tukigawa uzito huo sawasawa kwa magurudumu manne, kila gurudumu labeba kilo 540, yaani nguvu ya nyutoni 5,300 hivi. Tairi likijazwa upepo wa paundi 42 kwa kila inchi ya mraba, hizo ni kama nyutoni 290,000 kwa mita ya mraba. Gawanya 5,300 kwa 290,000, nawe utapata mita ya mraba 0.018, au sentimita za mraba 183 hivi. Hilo ndilo eneo la tairi liligusalo barabara. Ni dogo kuliko ukurasa wa daftari letu la mazoezi! Juu ya vipande vinne vidogo kama hivyo, watu watano huenda Morogoro na kurudi.

NAMBA ZA UBAVUNI

Kila tairi limeandikwa namba ubavuni mwake. Tuseme zimeandikwa 255/45 R19. Ya kwanza, 255, ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili, 45, wengi hudhani kuwa nayo ni milimita. Sivyo. Hiyo ni asilimia: kimo cha shavu la tairi ni sehemu 45 katika kila 100 za upana wake. Herufi R yaonyesha jinsi nyuzi zilizomo ndani ya mpira zilivyopangwa. Namba 19 ni ukubwa wa rimu kwa inchi.

Sasa tulinganishe. Gari la Tesla Model S Plaid la mwaka 2021 liliuzwa kwa namna mbili za magurudumu. Lenye rimu ya inchi 19 lilikuwa na tairi za mbele za 255/45 R19, na lenye rimu ya inchi 21 lilikuwa na za 265/35 R21. Shavu la tairi la kwanza ni 255 mara 45 gawanya kwa 100, yaani milimita 115 hivi. La pili ni 265 mara 35 gawanya kwa 100, yaani milimita 93 hivi. Ukipima gurudumu zima kutoka juu mpaka chini, la kwanza ni milimita 712 na la pili ni milimita 719. Tofauti yao haifiki hata moja kwa mia.

Basi hapa pana siri ambayo wengi hawaijui. Anunuaye rimu kubwa hapati gurudumu kubwa zaidi. Gurudumu ni lile lile. Ila chuma kimeongezeka na mpira umepungua. Rimu imekula nafasi ya upepo, na tulikwisha kuona ya kuwa upepo ndio ubebao gari. Wazee husema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

HASARA YA UMEME

Hasara ya pili haionekani kwa macho, bali huonekana katika betri. Kwa makadirio rasmi ya serikali ya Marekani, gari hilo hilo la mwaka 2021 likiwa na rimu za inchi 19 huenda maili 396 kwa betri iliyojaa, nazo ni kilometa 637. Likivishwa rimu za inchi 21 huenda maili 348, yaani kilometa 560. Kilometa 77 zimepotea kwa ajili ya urembo. Umbali huo watosha mtu kutoka Ubungo mpaka Kibaha na kurudi.

Kwa nini zipotee? Magurudumu ya inchi 21 kwa kawaida ni mazito zaidi, na uzito wake umewekwa mbali na katikati, kwa hiyo kuyaanzisha kuzunguka hutaka nguvu nyingi. Tena tairi zake ni pana, na mara nyingi mpira wake ni laini, umetengenezwa kwa ajili ya kushika barabara katika mwendo mkali. Mpira wa namna hiyo hula umeme. Na umeme si wa bure: sehemu yake huzalishwa hapa hapa Ubungo kwa gesi isafirishwayo kwa bomba kutoka Songo Songo tangu mwaka 2004, na kila uniti hulipiwa.

BARABARA ZETU

Mtu aweza kusema, "Barabara za Ubungo siku hizi ni nzuri. Je, hatuna barabara za juu zilizofunguliwa mwezi wa Februari 2021 na kupewa jina la Balozi John Kijazi?" Ni kweli, nazo ni laini kama meza. Lakini hakuna mtu akaaye juu ya daraja. Mwenye gari hushuka, akaingia njia ya mtaani kwake, na huko hukutana na matuta, mawe, mitaro iliyobomoka, na wakati wa masika mashimo yaliyofunikwa na maji.

Mjomba wangu ni dereva wa bwana mmoja akaaye upande wa Kimara. Bwana huyo alikuwa na gari la umeme lenye rimu za inchi 21. Masika moja gurudumu la mbele liliingia katika shimo lililojaa maji, tairi likapasuka na rimu ikapinda. Gari halikuwa na tairi la akiba, kama yalivyo mengi ya namna hiyo, na madukani waliyoyapitia hawakupata tairi la ukubwa huo siku ile. Tajiri alikasirika, akasema kwamba gharama zote zitakatwa katika mshahara wa dereva. Mjomba hakubishana naye. Alimwomba jambo moja tu: waende pamoja kwa fundi. Fundi alilivua tairi, akaonyesha mikato miwili iliyokaa sambamba shavuni, akasema, "Mzee, hili halikuchomwa na kitu. Limebanwa kati ya ukingo wa shimo na ukingo wa rimu, kama kidole kibanwavyo mlangoni. Shavu lingekuwa nene, labda lingebonyea na kurudi." Tajiri alitazama, akanyamaza, kisha akauliza bei ya rimu za inchi 19. Mshahara wa mjomba haukukatwa.

Nimeileza habari hii kwa sababu mara nyingi achaguaye rimu ni mmoja, na alaumiwaye ni mwingine.

NAMNA YA KUCHAGUA

Haya ndiyo mambo yapasayo kufuatwa na mtu anunuaye tairi za gari la umeme.

1. Soma kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, au kitabu cha gari. Humo mtengenezaji ameandika ukubwa wa tairi na kiasi cha upepo. Kati ya rimu alizoziruhusu, chagua iliyo ndogo. Usishuke chini ya hapo, kwa maana rimu ndogo mno hugusa breki.

2. Tazama namba ya uzito, iliyoandikwa baada ya ukubwa. Namba 98 maana yake tairi laweza kubeba kilo 750. Namba 102 ni kilo 850. Namba 111 ni kilo 1,090. Gari la umeme ni zito kwa sababu ya betri yake, kwa hiyo namba hii ina maana kubwa kuliko jina la kampuni. Usikubali iliyo chini ya ile aliyoitaja mtengenezaji, hata muuzaji akikuapia. Herufi ifuatayo ni ya mwendo: V ni kilometa 240 kwa saa, na Y ni 300. Nayo isishuke chini ya ile ya mtengenezaji, lakini usilipe zaidi kwa kutafuta herufi kubwa, kwani penye makazi ya watu sheria yetu hairuhusu kupita kilometa 50.

3. Tazama umri wa tairi. Tafuta tarakimu nne mwishoni mwa maandishi yaanzayo kwa DOT. Zikiwa 2319, tairi lilitengenezwa katika juma la 23 la mwaka 2019. Zamani tulikuwa na kiwanda chetu cha General Tyre huko Arusha, kilichoanza kutengeneza tairi mwaka 1971, lakini kilisimamisha kazi kabla ya mwaka 2010. Leo tairi nyingi huja kwa meli, kisha hukaa ghalani au juani mbele ya duka. Mpira huzeeka hata usipotumika, ukapasuka nyufa ndogo ndogo.

4. Angalia kama ni tairi la nchi za baridi. Gari lililotumika ng'ambo laweza kuja na tairi zenye picha ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Zile za majira ya baridi zina mpira laini uliofanywa kwa ajili ya barafu, nao katika joto la Dar es Salaam huisha upesi. Sisi twahitaji tairi lenye mifereji mizuri ya kutoa maji ya mvua.

5. Pima upepo asubuhi, kabla gari halijatembea. Tairi likipata moto upepo wake hupanda, karibu paundi moja kwa kila digrii 5 au 6 za joto. Apimaye mchana baada ya safari, kisha akapunguza, hujidanganya, na kesho yake tairi litakuwa na upepo haba. Upepo haba hufanya shavu likunjwe mno, likapata moto, na mwisho likapasuka katika mwendo.

6. Kagua meno ya tairi mara kwa mara. Gari la umeme hutoa nguvu zake zote mara moja, kwa hiyo dereva apendaye kuondoka kwa kishindo hulipata tairi kipara mapema. Ndani ya mifereji mna vinundu vidogo vya kimo cha milimita 1.6. Meno yakilingana navyo, tairi limekwisha. Likitokea uvimbe shavuni, nyuzi za ndani zimekatika. Usilitumie hata kwa safari ya dukani.

7. Mwonye fundi wa pancha kabla hajaweka jeki. Betri imelala chini ya sakafu ya gari, na jeki ikiwekwa chini yake yaweza kuiharibu. Mtengenezaji ameonyesha mahali maalumu pa kuinulia.

MWISHO

Najua kwamba wengi wetu tusomao gazeti hili hatutanunua gari la umeme mwaka huu wala mwaka ujao. Lakini somo la tairi ni moja kwa tajiri na kwa maskini. Basi la kwenda mikoani, daladala, bajaji na hata pikipiki iliyobeba abiria, vyote vimebebwa na upepo ule ule.

Kwa hiyo, wanafunzi wenzangu, shule itakapofungwa na kila mtu kwenda kituoni na sanduku lake, kabla hujapanda zunguka gari mara moja. Tazama kama tairi ni kipara, kama lina uvimbe, kama limenywea. Ukiona kasoro, mwambie dereva kwa adabu. Akikataa kusikia, mwambie askari wa usalama barabarani aliye karibu. Nanyi wazazi wetu, mtuonapo tukichungulia chini ya basi msitukemee. Kutazama hakugharimu hata senti moja, na huenda kukawafikisha watu hamsini kwao salama.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne