Walioipima Dunia (4): Mkimya wa Clapham na Rafiki wa Thornhill

Mwishoni mwa Juni 2025 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa ripoti ya tume yake kuhusu uhusiano wa kijamii, tume iliyoongozwa na Vivek Murthy wa Marekani na Chido Mpemba wa Zimbabwe. Ripoti inasema mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba vifo takribani 871,000 kila mwaka vinahusishwa nao. Haikupita muda, ushauri ukamiminika: changamka, toka ndani, ongea na watu. Kwa wengi huo ni ushauri mwema. Kwa mtu aliyeumbwa mkimya, anayependa hoja kuliko soga, ni sawa na kumwambia kiwete akimbie. Mtu wa namna hiyo anahitaji dawa nyingine, na mfano wake bora ninaoufahamu ni yule tuliyefikia zamu yake katika mfululizo huu: Henry Cavendish.

Wasomaji waliokuwa nasi katika sehemu zilizopita wanakumbuka tulipoishia. Kanuni ya Newton ya mvuto ilijulikana, ila dunia yenyewe ilikuwa na uzito gani, hakuna aliyejua kwa hakika. Mwaka 1774 Nevil Maskelyne alipanda mlima Schiehallion huko Uskoti kupima jinsi mlima unavyoivuta timazi, na hesabu za Charles Hutton zikaonyesha kwamba dunia ni nzito mara nne na nusu kuliko maji ya ujazo ule ule. Cavendish alikuwa mmoja wa walioipanga kazi ile tangu mwanzo. Lakini mlima haujulikani ndani una mawe gani, na jambo hilo lilimkera mtu aliyezoea kupima kila kitu kwa usahihi.

Cavendish alizaliwa mwaka 1731 katika ukoo wa watawala wakubwa wa Uingereza. Mama yake alifariki yeye akiwa na umri wa miaka miwili. Alisoma Cambridge, akaondoka mwaka 1753 bila kuchukua shahada. Mwaka 1766 alieleza tabia za hewa iwakayo, tunayoiita leo haidrojeni, na mwaka 1784 akachapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba hewa hiyo ikiungua huzaa maji. Alipokuja kurithi, akawa miongoni mwa watu matajiri kabisa wa nchi yake, hata mwanafizikia Mfaransa Biot akamsifu kuwa ndiye tajiri kupita wasomi wote na msomi kupita matajiri wote.

Na bado tajiri huyu alivaa koti la zambarau lililopauka, la mtindo uliokwisha kupitwa. Hakuoa. Watumishi wa kike nyumbani kwake aliwaachia maagizo kwa vikaratasi ili asikutane nao. Mgeni akimkazia macho, alitoa sauti nyembamba ya kushtuka akaondoka. Waandishi wengi wanaishia hapo, wakatuachia picha ya mtu aliyewachukia wanadamu. Picha hiyo si ya haki, na ni miaka mingi sasa nimekuwa nikiipinga kila nipatapo nafasi.

Mtu anayechukia watu hafuati mikutano yao. Cavendish alipelekwa na baba yake, Lord Charles, kwenye meza ya klabu ya Royal Society, jumuiya ya wanasayansi wa Uingereza, akiwa bado kijana, na kwa nusu karne hakuiacha. Kila Alhamisi wanachama walikula pamoja, miaka mingi katika hoteli ya Crown and Anchor, London, na Cavendish alikuwa mmoja wa wahudhuriaji waaminifu kuliko wote. Alikwenda pia nyumbani kwa Joseph Banks, rais wa Royal Society, ambako wasomi walikusanyika jioni. Wapo waliomwona amesimama juu ya ngazi nje ya mlango, anataka kuingia na anaogopa macho ya waliomo, mpaka nyayo za mgeni mwingine nyuma yake zikamlazimisha aingie. Mtu asiyehitaji wenzake asingesimama pale.

Wenzake nao walikuwa watu wa adabu. Mkemia William Hyde Wollaston aliwafundisha wageni namna ya kukaa naye: usimtazame, usimsemeshe moja kwa moja, toa hoja yako kana kwamba unaongea na hewa, na kama hoja ina uzito atajibu mwenyewe. Naye akijibu, London nzima ya wasomi ilinyamaza kusikiliza. Hakuna aliyemtania, wala kumlazimisha acheze ngoma asiyoijua.

Ukarimu wake nao ulikuwa wa aina yake. Alikuwa na maktaba kubwa mjini, akaifungua kwa wasomi waazime vitabu, na yeye mwenyewe alipochukua kitabu chake aliandikisha jina kama mwazimaji mwingine yeyote. Kwa miaka kadhaa alishirikiana na daktari Charles Blagden, wakasafiri pamoja majira ya kiangazi kuzunguka nchi, wakipima joto, wakikagua mawe na viwanda. Katika safari ya mwaka 1786 walifika Thornhill, Yorkshire, nyumbani kwa mchungaji John Michell.

Michell alikuwa kasisi wa kijijini mwenye akili ya ajabu. Ndiye aliyewaza kwamba huenda ziko nyota kubwa kiasi kwamba nuru yake yenyewe haiwezi kuziponyoka, wazo ambalo Cavendish alimsaidia kulifikisha Royal Society. Aliwaza pia namna ya kuipima dunia ndani ya chumba, bila mlima. Mei 1783, Michell akiwa mgonjwa na darubini yake kubwa ikiwa haijakamilika, Cavendish alimwandikia kwamba ikiwa afya haimruhusu kuendelea na darubini, basi anatumaini itamruhusu walau ile kazi nyepesi zaidi ya kuipima dunia uzito. Mtu aliyekimbia macho ya wageni alikuwa akimtania rafiki yake mgonjwa ili kumtia moyo. Alijua kupenda, mradi kati yake na mwenzake pawepo jambo la kuliwazia pamoja.

Michell alifariki mwaka 1793 kabla ya kukitumia chombo alichokiunda kwa kazi hiyo. Kilipitia mikononi mwa Francis Wollaston wa Cambridge, kaka yake William, kikamfikia Cavendish. Alikiunda upya karibu chote nyumbani kwake Clapham na kuanza kazi mwaka 1797, akiwa na miaka 65. Ufito wa mbao wa futi 6 ulining'inizwa kwa waya mwembamba, kila ncha ikiwa na tufe dogo la risasi. Matufe mawili makubwa ya risasi, kila moja kilo 158 hivi, yalisogezwa karibu na yale madogo. Mvuto kati yao ulisokota waya, na ufito ukahama takribani milimita 4 tu. Joto la mwili wa mtu lingetosha kuzua upepo wa kuharibu kipimo, kwa hiyo chombo kilifungiwa ndani ya chumba peke yake, na Cavendish akasoma alama kwa darubini kupitia matundu ya ukutani. Mwaka 1798 alitangaza jibu: dunia ni nzito mara 5.48 kuliko maji. Vipimo vya leo vinasema 5.51. Na taarifa yake inaanza kwa kumtaja Michell kuwa ndiye aliyebuni njia hiyo.

Sasa tazama upande wa pili. Kazi zake nyingi za umeme hazikuwa na Michell wa kuzizungumza naye, naye akaziacha kwenye makaratasi. James Clerk Maxwell alipozichapisha mwaka 1879, ilibainika kwamba Cavendish aliyatambua mapema mambo ambayo baadaye yaliwapa sifa Coulomb na Ohm. Palipo na mwenza, dunia ilipimwa. Pasipo na mwenza, elimu ililala kabatini kwa takribani miaka mia moja.

Sisi nasi tunao mfano wetu. Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Tanzania, aliona mwaka 1963 kwamba maziwa moto ya aiskrimu yaliganda kabla ya yale yaliyopoa. Alipouliza sababu alichekwa. Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu Dar es Salaam hakumcheka, alikwenda kulijaribu jambo lenyewe, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja.

Wanaodhani upweke ni maradhi ya Wazungu wasome ripoti ile ya WHO tena. Katika nchi za kipato cha chini karibu asilimia 24 ya watu wamesema ni wapweke, mara mbili ya nchi tajiri. Ndugu, jirani na msiba wa kila wiki havimtoshi kijana anayetaka mtu wa kubishana naye juu ya nyota. Tunamwita mwenye kiburi au mchawi, tunamkaripia kwa nini hachangamki, kisha tunashangaa anapojifungia chumbani na simu. Hiyo ni dhambi yetu, si yake.

Kila shule iwe na klabu yenye kazi mezani: hisabati, ndege, redio, sataranji, bao. Mwalimu wa klabu asimlazimishe mkimya kusimama mbele ajitambulishe, ampe darubini aishike au hesabu aikague. Na wewe mwenye baraza, mgeni anayekaa pembeni bila kusema, mwachie nafasi na uweke hoja nzuri katikati. Zamu yake ya kusema ataijua mwenyewe.

Sehemu ijayo: jinsi warithi wa mizani ya Cavendish walivyotafuta mvuto kwa waya mwembamba zaidi.