Kwa Nini Twiga wa Wamunyu Siku Hizi Hupakwa Rangi

Wakazi wanaopitia Wamunyu, kwenye barabara ya Machakos kwenda Kitui, wameshuhudia mabadiliko vibandani. Kinyago cheusi cha mpingo kimekuwa adimu. Mahali pake wamesimama twiga wenye madoa na pundamilia ambao milia yao imechorwa kwa brashi. Wengi hudhani watalii ndio waliotaka rangi. Sababu kubwa zaidi ni mti wenyewe.

Uchongaji wa biashara Ukambani huhusishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza ufundi huo kwa wachongaji wa Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Kutoka kijijini kazi ilienea hadi Nairobi na Mombasa, ambako wachongaji wa Kikamba walianzisha chama chao cha ushirika mwaka 1963. Miti iliyopendwa ilikuwa mpingo na muhugu. Miti hiyo ina rangi yake ya ndani. Ukiisugua kwa msasa na kuipaka nta, kazi imekwisha. Tatizo ni kwamba hukua polepole mno, nayo ilikatwa haraka kuliko ilivyoota. Tangu Januari 2017 biashara ya mpingo kuvuka mipaka ya nchi iko chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES.

Hapo ndipo mjakaranda ulipoingia. Asili yake ni Amerika ya Kusini, lakini hapa kwetu umepandwa mashambani na kando ya barabara, na hukua haraka. Ni laini kuchonga. Ila mbao yake ni nyeupe, haina sura, kwa hivyo mnyama hukamilishwa na mpaka rangi. Katika karakana nyingi huyo ni fundi wa pekee: mmoja huchonga, mwingine hupiga msasa, naye hungoja zamu yake.

Kungoja huko ndiko kunakoamua bei. Mjakaranda huchongwa ukiwa mbichi. Rangi ikipakwa kabla mti haujakauka, maji yaliyobaki ndani hutafuta njia ya kutoka: rangi hubanduka, ukungu huota, na shingo ya twiga hupasuka akiwa tayari kwenye rafu ya mnunuzi. Shehena ya namna hiyo hurudishwa, na hasara humwangukia mchongaji, wala si dalali. Kinyago kikaushwe kivulini, polepole, mbali na jua kali. Kipimo rahisi ni mizani: kipime kila wiki, na iwapo uzito bado unashuka, brashi isubiri.

Wadudu nao wana gharama yao. Nchi kama Australia hukagua bidhaa za mbao zinapoingia, na tundu moja lenye unga linaweza kuzuia mzigo. Mwarobaini hustahimili wadudu vizuri zaidi, na kwa kuwa una rangi ya kahawia ya kupendeza, hauhitaji kufichwa kwa rangi.

Wapo pia wanaopaka mti mweupe rangi ya viatu na kuuuza kwa bei ya mpingo. Mnunuzi ageuze kinyago aangalie chini ya nyayo, mahali brashi husahau. Mpingo halisi ni mzito kiasi cha kuzama majini.

Anayepanga kukata mti na kusafirisha magogo, hata kutoka shambani mwake, apite kwanza ofisi ya KFS iliyo karibu aulize kuhusu vibali, kabla gari halijapakiwa. Vyama vya ushirika ni jukumu la kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, kwa hivyo wachongaji na wapaka rangi wanaotaka kujisajili pamoja, wanunue magogo kwa pamoja na kujenga banda moja la kukaushia, waanzie kwa afisa wa ushirika wa kaunti.